Kupima Mvuke wa Maji katika Angahewa ya Juu: Ulinganisho wa Njia Mbalimbali

Mwanafunzi wa sekondari hujifunza mapema kwamba hewa tunayovuta ina mvuke wa maji, na kwamba mvuke huo ndio asili ya umande, ukungu, mawingu na mvua. Jambo asiloelezwa mara nyingi ni kwamba mvuke huo, ijapokuwa ni mwingi hapa chini, hupungua mno kadiri tunavyopanda juu. Katika kimo cha kilometa 20 hewa ni kavu kuliko hewa ya jangwa lolote duniani. Hata hivyo, uchache huo si udogo wa athari. Mvuke haba ulioko huko juu unashiriki katika kuamua joto la dunia nzima, na kwa sababu hiyo wanasayansi wamejitaabisha kwa zaidi ya miaka themanini kutafuta njia za kuupima.

Katika makala haya tutaeleza njia kuu zinazotumiwa katika kazi hiyo, tutazilinganisha, kisha tutaona yaliyotokea vyombo vilipotoa majibu yasiyopatana. Tunakusudia kuonyesha jambo moja: kwamba katika sayansi kipimo kimoja, hata kikiwa kizuri namna gani, hakijitoshelezi. Kinapata nguvu pale tu kinapowekwa kando ya kipimo kingine kilichopatikana kwa njia tofauti.

UKAVU WA ANGAHEWA YA JUU

Tabaka la chini la angahewa huitwa troposfia. Humo ndimo mnamotokea mawingu na mvua, na jotoridi hupungua kadiri kimo kinavyoongezeka. Juu yake kuna tabaka liitwalo stratosfia, linaloenea hadi kimo cha kilometa 50 hivi. Mpaka baina ya matabaka hayo mawili huitwa tropopozi. Katika nchi za ncha za dunia mpaka huo uko kwenye kimo cha kilometa 8 au 9 tu. Lakini juu ya nchi za ikweta, zikiwamo Kenya na Tanzania, hufika kilometa 16 au 17, na jotoridi lake hushuka hadi nyuzi 80 za sentigredi chini ya sifuri. Msomaji asistaajabu: hewa ya tropopozi juu ya nchi za joto ni baridi kuliko ile iliyo juu ya Ulaya.

Ili tuelewe uchache wa mvuke huko juu, tuanze na hewa ya Dar es Salaam wakati wa joto na unyevu. Katika kila molekuli milioni moja za hewa hiyo, karibu 30,000 ni za maji. Katika stratosfia ya chini, molekuli za maji katika kila milioni ni nne au tano tu. Tuchukue mfano wa mchele. Tukikadiria kwamba punje 50 zina uzito wa gramu moja, basi kilo 20 za mchele zina punje milioni moja. Mtu akitia punje nne za choroko katika mchele huo na kuuchanganya, ndivyo mvuke wa maji ulivyo katika hewa ya stratosfia. Tena hatumwombi mpimaji azione tu punje hizo. Tunamtaka atuambie kama mwaka huu ni nne, na kama miaka kumi iliyopita zilikuwa nne na nusu.

Aliyegundua ukavu huo ni Mwingereza A. W. Brewer, akishirikiana na G. M. B. Dobson, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ndege za kivita zilikuwa zikiacha michirizi ya wingu angani na kujifichua kwa adui, nayo ilikuwa kazi ya Brewer kuchunguza unyevu unaoisababisha. Kuanzia mwaka 1943 vipimo vilichukuliwa kwa ndege juu ya kusini mwa Uingereza, navyo vilionyesha hewa kavu kupita kiasi kilichotarajiwa kwa baridi ya mahali pale. Katika makala aliyoyachapisha mwaka 1949, Brewer alitoa hoja iliyo rahisi na yenye nguvu: hewa hiyo haikukauka Uingereza. Ilikuwa imepita mahali penye baridi kali zaidi, ambapo maji yake yaliganda na kuachwa nyuma, na mahali pa namna hiyo ni tropopozi ya ikweta tu. Hivyo, kutokana na kipimo cha unyevu kilichochukuliwa juu ya Ulaya, ikafahamika kwamba hewa huingia katika stratosfia kupitia anga la nchi za joto, kisha husambaa kuelekea ncha mbili za dunia.

KWA NINI TUSHUGHULIKE NA KIASI KIDOGO HIVYO?

Sababu ni nyingi, lakini tutataja tatu. Kwanza, mvuke wa maji hunasa joto linalotoka ardhini. Mvuke ulioko karibu na tropopozi una athari kubwa kuliko wingi wake, kwa kuwa uko mahali penye baridi sana. Pili, molekuli za maji zikivunjwa na mwanga na kemikali za huko juu hutoa vipande vinavyoshiriki katika kuharibu ozoni, na mvuke huohuo hufanya mawingu ya barafu juu ya ncha za dunia ambamo ozoni huharibiwa kwa wingi. Tatu, kiasi cha mvuke ni ushahidi: kikibadilika, tunajua kwamba baridi ya tropopozi au mwendo wa hewa umebadilika.

Mfano mmoja unatosha. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000 mvuke wa stratosfia ya chini ulipungua ghafla kwa karibu asilimia 10, yaani chini ya nusu ya punje moja katika mfano wetu wa mchele. Mwaka 2010 Susan Solomon na wenzake wa Marekani walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba upungufu huo ulipunguza kasi ya kuongezeka kwa joto la dunia kwa karibu robo katika miaka ya 2000 hadi 2009, ukilinganisha na kasi ambayo ingetokana na gesi nyinginezo peke yake. Kama vyombo visingeweza kuona badiliko dogo kiasi hicho, sababu hiyo isingejulikana.

NJIA YA KWANZA: RADIOSONDI

Njia iliyoenea zaidi ni ile ya radiosondi. Hiki ni kisanduku chepesi kinachochukuliwa na puto lililojazwa hidrojeni au heli, kikipima kanieneo, jotoridi na unyevu, na kutuma vipimo ardhini kwa redio. Maputo ya namna hiyo hurushwa katika vituo vingi duniani, kikiwamo kile cha Dagoretti, Nairobi.

Zamani unyevu ulipimwa kwa unywele wa binadamu, ambao hurefuka hewa ikiwa na unyevu na kufupika ikiwa kavu. Radiosondi za siku hizi hutumia utando mwembamba wa plastiki uliowekwa kati ya vibamba viwili vya umeme. Molekuli za maji huingia katika utando, na uwezo wa vibamba kuhifadhi chaji hubadilika.

Chombo hiki ni rahisi na hufaa sana katika troposfia ya chini. Lakini katika baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri molekuli huingia na kutoka kwa uvivu mkubwa. Puto hupanda karibu mita 300 kwa dakika, na kihisi kinachohitaji dakika kadhaa kujibu kitakuwa kingali kinaeleza unyevu wa mahali kilipokwisha kupita. Kwa ajili hiyo vipimo vya kawaida vya radiosondi havitegemewi katika stratosfia.

NJIA YA PILI: KIOO CHA JALIDI

Njia ya pili ndiyo aliyoitumia Brewer, na kanuni yake yaweza kuonekana katika darasa lolote. Tukipoza kitu katika hewa yenye unyevu, hufika jotoridi ambapo matone ya maji huanza kutanda juu yake. Jotoridi hilo huitwa kiwango cha umande. Baridi ikiwa chini ya sifuri, kinachotanda si maji bali ni barafu laini iitwayo jalidi, na hapo twasema kiwango cha jalidi.

Katika chombo cha kisasa kioo kidogo hupozwa kwa kimiminika baridi sana, huku waya wa umeme ukikipasha joto. Taa hukimulika kioo, na kihisi hupima mwanga unaorudi. Jalidi ikizidi, mwanga hupungua, na umeme huongezwa. Jalidi ikipungua, umeme hupunguzwa. Kwa namna hiyo utando wa jalidi hubaki na unene uleule, maana yake barafu haiongezeki wala haipungui. Jotoridi la kioo wakati huo ndilo kiwango cha jalidi.

Ubora wa njia hii ni kwamba haihitaji kufundishwa na chombo kingine. Tukijua jotoridi, sheria za fizikia zatupa kanieneo ya mvuke moja kwa moja. Hizi hapa ni kanieneo za mvuke uliojaa juu ya barafu, kwa paskali:

Nyuzi 0: 611
Nyuzi 20 chini ya sifuri: 103
Nyuzi 40 chini ya sifuri: 12.8
Nyuzi 60 chini ya sifuri: 1.08
Nyuzi 80 chini ya sifuri: 0.055
Nyuzi 90 chini ya sifuri: 0.0097

Chukua mfano. Puto limefika mahali ambapo kanieneo ya hewa ni paskali 10,000, na kioo kinaonyesha kiwango cha jalidi cha nyuzi 80 chini ya sifuri. Gawanya 0.055 kwa 10,000, kisha zidisha kwa milioni moja. Jibu ni 5.5, yaani molekuli tano na nusu za maji katika kila milioni moja za hewa.

Msomaji aangalie tena orodha hiyo. Katika baridi hiyo kosa la nyuzi moja tu la jotoridi huleta kosa la karibu asilimia 17 katika kiasi cha mvuke. Basi chombo chote kinategemea kipimajoto kilichomo ndani ya kioo.

Iko hatari nyingine. Puto lenyewe limetoka chini, mahali penye unyevu mwingi, na ngozi yake imebeba maji. Juu kabisa, maji hayo hutoka polepole na kuichafua hewa inayopimwa. Kwa hiyo chombo huning'inizwa kwa kamba ndefu chini ya puto, na vipimo vinavyoaminika zaidi ni vile vinavyochukuliwa wakati wa kushuka, chombo kikiingia katika hewa safi ambayo puto halijaigusa.

Katika mji wa Boulder, Marekani, maputo yenye kioo cha jalidi yamekuwa yakirushwa tangu mwaka 1980, kwa kawaida mara moja kila mwezi. Hiyo ndiyo kumbukumbu ndefu kuliko zote za mvuke wa stratosfia iliyopatikana mahali pamoja kwa njia moja.

NJIA YA TATU: MWANGA WA URUJUANIMNO

Njia ya tatu hutumia taa inayotoa mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanometa 121.6, ambao hutolewa na atomi za hidrojeni. Mwanga huo ukiipiga molekuli ya maji huivunja, na kipande kimoja chenye oksijeni na hidrojeni hubaki kimesisimka. Kipande hicho hutulia kwa kutoa mwanga mwingine, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanometa 309. Molekuli za maji zikiwa nyingi, mwanga huu wa pili huwa mkali zaidi. Zikiwa chache, hufifia.

Chombo cha namna hii hujibu upesi sana, hata mara kadhaa kwa sekunde. Hufaa katika ndege iendayo kasi, kwa kuwa kinaweza kuona ukingo wa wingu pale ulipo hasa. Lakini kina upungufu ambao kioo cha jalidi hakina. Mwanga peke yake hautuambii idadi ya molekuli. Sharti kwanza chombo kisawazishwe maabarani kwa hewa yenye unyevu unaojulikana, na kosa lolote la maabarani litakifuata chombo hadi angani. Aidha, mwanga wa jua waweza kukichanganya kihisi, na hivyo chombo cha puto cha aina hii kilichoundwa Urusi hurushwa usiku.

NJIA YA NNE: KUPIMA KWA MBALI

Njia zote tulizotaja zinahitaji chombo kifike penye hewa yenyewe. Njia ya nne hupima kwa mbali, kwa kuangalia mnururisho ambao molekuli za maji hunyonya au hutoa.

Setilaiti yaweza kulitazama jua linapochomoza au kuchwa nyuma ya ukingo wa angahewa, na kupima ni sehemu gani ya mwanga imenyonywa. Hivyo ndivyo vyombo vya Marekani viitwavyo SAGE II, kilichofanya kazi mwaka 1984 hadi 2005, na HALOE, cha mwaka 1991 hadi 2005, vilivyopima. Uzuri wake ni kwamba jua hutazamwa kila mara kabla mwanga wake haujapita katika hewa, na hivyo chombo hujisahihisha chenyewe. Ubaya wake ni uchache wa vipimo: setilaiti hukutana na macheo 15 na machweo 15 hivi kwa siku, basi.

Namna nyingine ni kusikiliza mawimbi mafupi ya redio ambayo molekuli za maji hutoa zenyewe. Chombo kiitwacho MLS, kilichorushwa katika setilaiti ya Aura mwaka 2004, husikiliza mawimbi yenye urefu usiofika milimita mbili. Hakihitaji jua, huona kupitia mawingu mengi, na kiliweza kuchukua vipimo vipatavyo 3,500 kwa siku moja katika dunia nzima. Lakini hakipambanui mambo madogo: kila kipimo katika stratosfia ya chini ni wastani wa tabaka lenye unene wa kilometa 3 hivi, ambapo puto hupambanua makumi ya mita.

Mawimbi ya namna hiyo yaweza pia kusikilizwa kutoka ardhini, kwa antena inayopokea wimbi la gigahezi 22. Hewa ya chini yenye kanieneo kubwa hulipanua wimbi, na hewa ya juu huliacha jembamba. Kwa kuchunguza umbo la wimbi lote, mpimaji hukadiria mvuke wa vimo mbalimbali, kuanzia kilometa 30 hivi hadi 80, mahali ambapo puto haliwezi kufika.

ULINGANISHO KWA KIFUPI

Tukizikusanya sifa hizo tutaona kwamba hakuna njia iliyo bora katika kila jambo. Radiosondi ni nyingi na rahisi, lakini hushindwa na baridi. Kioo cha jalidi husimama juu ya fizikia iliyo wazi, lakini huonyesha mahali pamoja kwa siku moja, na hakifiki mbali zaidi ya kilometa 30. Chombo cha urujuanimno ni chepesi wa kujibu, lakini hutegemea usawazishaji wa maabara. Setilaiti huona dunia nzima, lakini kwa jicho lisilopambanua mambo madogo, na ikishapaa hakuna fundi awezaye kuifikia kuikagua. Antena ya ardhini hufika juu kabisa, lakini hairuhusu kuona stratosfia ya chini.

Basi swali la mwalimu wa fizikia ni hili: vyombo vyenye tabia tofauti kiasi hicho vikipima hewa ileile, vitapatana?

VYOMBO VILIPOHITILAFIANA

Kwa muda mrefu havikupatana. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, vyombo vya mwanga vilivyokuwa katika ndege za utafiti za Marekani vilionyesha mvuke mwingi kuliko vioo vya jalidi vya maputo. Katika hewa kavu kabisa tofauti ilifikia nusu ya kipimo chenyewe, na mara nyingine ikazidi hapo. Jambo hili halikuwa dogo. Kama vyombo vya ndege vilikuwa sahihi, basi ndani ya mawingu baridi mvuke ulikuwa unapita mno kiasi ambacho barafu huruhusu bila ya kuganda, na ingebidi maarifa yetu ya kuganda kwa maji yaandikwe upya. Kama maputo yalikuwa sahihi, barafu ilikuwa inafuata sheria tunazozijua.

Wanasayansi hawakupiga kura. Mwezi Oktoba 2007 vyombo zaidi ya ishirini vilikusanywa Karlsruhe, Ujerumani, kwenye chumba kikubwa cha chuma chenye ujazo wa mita 84 za ujazo, ambamo baridi na kanieneo ya angahewa ya juu huweza kuigizwa. Vyombo vyote vilipima hewa moja kwa wakati mmoja. Kila kundi lilikabidhi majibu yake kwa waamuzi pasipo kuona majibu ya wengine. Katika hewa yenye molekuli 10 hadi 150 kwa milioni, vyombo vikuu vilipatana ndani ya asilimia 10 hivi juu au chini. Katika hewa kavu zaidi, ya molekuli 1 hadi 10, mtawanyiko ulikuwa asilimia 20 hivi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hitilafu iliyoonekana angani haikujitokeza chumbani, na watafiti wakajua kwamba wautafute ugonjwa katika namna vyombo vinavyotumika ndani ya ndege na chini ya puto. Mwaka 2011 vilipimwa tena angani, katika safari za ndege zilizofanyika kutoka Houston, Marekani, na hitilafu ikawa ndogo sana kuliko ya zamani.

Hitilafu ya pili ilihusu mabadiliko ya miaka mingi. Kumbukumbu ya Boulder ilionyesha kwamba kati ya mwaka 1980 na 2010 mvuke uliongezeka kwa karibu molekuli moja kwa milioni, ongezeko ambalo gesi ya metheni, inayogeuka kuwa maji huko juu, haikutosha kulieleza. Lakini uchambuzi wa setilaiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2014 haukuona ongezeko hilo katika stratosfia ya chini ya dunia kwa jumla. Hapa funzo ni kwamba mahali pamoja hapawezi kuisemea dunia nzima, hata kama kipimo chake ni safi.

Hitilafu ya tatu ilikwenda kinyume: puto ndilo lililoikosoa setilaiti. Tangu mwaka 2004 vipimo vya MLS na vya maputo vilikwenda sambamba. Kuanzia karibu mwaka 2010 vilianza kuachana kidogo kidogo, setilaiti ikionyesha mvuke mwingi zaidi kila mwaka kuliko maputo, kwa kiasi cha asilimia 1 hivi. Asilimia moja ni kitu kidogo, lakini ikijilimbikiza kwa miaka kumi huweza kudhaniwa kuwa ni badiliko la tabianchi, kumbe ni uzee wa chombo. Watafiti walipochunguza waligundua kwamba kipokezi cha MLS kilikuwa kimebadilika tabia taratibu, na mwaka 2021 wakaeleza marekebisho yaliyopunguza kosa hilo. Bila ya maputo machache yaliyorushwa kila mwezi, mamilioni ya vipimo vya setilaiti yangepotoka pasipo mtu kujua. Kidole kimoja hakivunji chawa.

FUNZO LA VOLKANO YA TONGA

Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai, iliyoko chini ya bahari katika Pasifiki ya Kusini, ililipuka kwa nguvu kubwa. Wingu lake lilipanda hadi kimo cha kilometa 57. MLS ilionyesha kwamba tani milioni 146 hivi za maji ziliingizwa katika stratosfia, sawa na karibu sehemu moja ya kumi ya mvuke wote uliokuwamo kabla.

Hapa palizuka shida isiyotazamiwa. Vipimo vingi vya kwanza vya MLS ndani ya wingu hilo vilikuwa vya ajabu kiasi kwamba kanuni za kawaida za kuchuja vipimo vibaya zilivikataa. Kama watafiti wangezifuata kanuni hizo bila ya kufikiri, wangelitupa tukio lenyewe. Ushahidi wa pili ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia, yaani katika radiosondi za kawaida. Tumesema kwamba chombo hicho hakitegemewi katika stratosfia kwa sababu ya ukavu. Lakini ndani ya wingu la Tonga hewa haikuwa kavu tena, na vihisi vile vya plastiki viliweza kuona unyevu wazi wazi. Kwa radiosondi hizo peke yake, watafiti walikadiria kwamba maji yaliyoingia hayakupungua tani milioni 50. Makadirio mawili hayakuwa sawa, lakini yote yalisema neno moja: maji mengi mno yameingia mahali pasipokuwa na maji. Kumbe hata chombo dhaifu kina siku yake, mradi mtumiaji aijue mipaka yake.

ZOEZI LA DARASANI

Mwalimu aweza kufanya ulinganisho wa namna hii kwa vifaa vichache. Panahitajika mkebe wa bati unaong'aa, maji, barafu iliyopondwa, kipimajoto kwa kila kundi, na kitambaa cha pamba.

Kundi la kwanza litie maji katika mkebe, liongeze barafu kidogo kidogo huku likikoroga, na liandike jotoridi wakati ukungu unapoanza kutanda nje ya mkebe. Kisha liache maji yapate joto na kuandika jotoridi ukungu unapotoweka. Wastani wa hayo mawili ni kiwango cha umande. Kundi la pili lifanye vivyo hivyo kwa mkebe mwingine na kipimajoto kingine. Kundi la tatu lifunge kitambaa chenye maji kwenye tungi la kipimajoto, lipepee hewa, na lisome jotoridi lake kando ya kipimajoto kikavu. Kutokana na tofauti ya hivyo viwili litapata unyevu kwa kutumia jedwali la kitabu cha jiografia. Kila kundi limpe mwalimu jibu lake kwa maandishi kabla ya kusikia la wenzake.

Ili kukokotoa unyevu wiani kutokana na kiwango cha umande, tumieni kanieneo hizi za mvuke uliojaa, kwa hektopaskali: nyuzi 20, 23.4, nyuzi 25, 31.7, nyuzi 30, 42.4. Kwa mfano, hewa ikiwa na nyuzi 30 na kiwango cha umande kikiwa nyuzi 25, unyevu ni 31.7 gawanya kwa 42.4, yaani karibu asilimia 75.

Majibu ya makundi yakitofautiana, mwalimu asiharakishe kusema nani amekosea. Darasa na lijiulize kwanza: je, vipimajoto vinasoma sawasawa vikitiwa katika maji mamoja? Je, pumzi ya mwanafunzi aliyeinamia mkebe haikuongeza unyevu? Je, mkebe ulipozwa upesi mno? Maswali hayo ndiyo yaleyale yaliyoulizwa Karlsruhe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Chombo cha puto kinaonyesha kiwango cha jalidi cha nyuzi 90 chini ya sifuri mahali penye kanieneo ya paskali 2,500. Tafuta idadi ya molekuli za maji katika kila milioni moja za hewa.

2. Eleza kwa nini vipimo vya kioo cha jalidi vinavyochukuliwa puto likipanda huweza kuonyesha mvuke mwingi kuliko uliopo.

3. Brewer alipima hewa juu ya Uingereza na akafahamu jambo lililokuwa likitokea juu ya ikweta. Fuata hatua za hoja yake, na ueleze ni kipimo gani kingeweza kuibatilisha.

4. Nchi moja ina fedha za kutosha ama kurusha puto moja kila mwezi kwa miaka thelathini, ama kushiriki katika setilaiti moja itakayodumu miaka mitano. Ungeshauri lipi, na kwa sababu gani?

5. Vipimo vya wingu la Tonga vilikataliwa na kanuni zilizowekwa kulinda usahihi. Je, kanuni hizo zilikuwa mbaya? Mtafiti atajuaje lini azifuate na lini azihoji?